Lugha ya Mtihani na Mtihani wa Lugha: Kiswahili katika Historia ya Mitihani ya Taifa ya Sekondari Tanzania na Kenya

Ikisiri

Historia ya mitihani ya sekondari Afrika Mashariki kwa kawaida husimuliwa kama historia ya kuhamisha madaraka: kutoka Cambridge kwenda Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, kisha kwenda mabaraza ya kitaifa. Makala hii inaichunguza historia hiyo kwa jicho la isimujamii. Hoja yake kuu ni kwamba mabaraza ya mitihani yamekuwa wapangaji wa lugha wasiotajwa. Kwa upande mmoja, mtihani wa Kiswahili umesanifisha istilahi, sarufi ya shuleni na orodha ya kazi za fasihi kwa nguvu ambayo vyombo vya lugha havikuwa nayo. Kwa upande mwingine, mitihani ya masomo mengine imeendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na hivyo kuibakisha lugha ya mkoloni katika nafasi yake muda mrefu baada ya mamlaka ya kutahini kurejea nyumbani. Makala inahitimisha kwamba uhuru wa kutahini hauwezi kukamilika iwapo mtahiniwa hapewi nafasi ya kujibu kwa lugha anayoimudu.

1.0 Utangulizi

Wataalamu wa upangaji lugha katika Afrika Mashariki wameandika mengi kuhusu vyombo vilivyoundwa mahususi kwa ajili ya Kiswahili. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930, Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili kilichoirithi mwaka 1964, na Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa kwa Sheria Na. 27 ya 1967, vyote vina nafasi ya kudumu katika maandiko ya taaluma hii. Vyombo ambavyo havikuundwa kwa ajili ya lugha, lakini vinaigusa lugha kila mwaka katika maisha ya mamia ya maelfu ya vijana, vimeandikwa kwa uchache. Baraza la mitihani ni kimojawapo.

Uchache huo unaeleweka. Baraza la mitihani hujitambulisha kama chombo cha utawala. Kazi yake ni kusajili watahiniwa, kuratibu utungaji wa maswali, kuchapisha karatasi na kuzilinda, kuteua wasimamizi, kukusanya wasahihishaji, kupanga matokeo katika madaraja na kutoa vyeti. Hakuna katika orodha hiyo kinachoonekana kuwa sera ya lugha. Hata hivyo, kila hatua hufanyika kwa lugha fulani na hudai lugha fulani kutoka kwa mtu mwingine. Mtunzi wa swali huchagua istilahi. Msahihishaji huamua kama umbo fulani ni kosa. Orodha ya vitabu teule huamua ni riwaya ipi itachapishwa upya na ipi itasahauliwa. Na ukurasa wa kwanza wa karatasi humwambia mtahiniwa ajibu kwa lugha gani. Chombo cha lugha hupendekeza. Baraza la mitihani halipendekezi kitu: hutoa au hunyima alama.

Makala hii inafuatilia nguvu hiyo katika nyanja mbili. Ya kwanza ni mtihani wa lugha, yaani karatasi za somo la Kiswahili. Ya pili ni lugha ya mtihani, yaani lugha ambayo kwayo historia, biolojia au hisabati hutahiniwa. Tanzania inachukuliwa kama mfano mkuu, na Kenya kama mfano wa kulinganishia. Nchi hizi mbili ziliwahi kuwa chini ya baraza moja, zikatengana, na kila moja ikakipa Kiswahili nafasi tofauti.

2.0 Enzi ya Cambridge: Mitihani Miwili, Lugha Mbili

Taasisi ya mitihani ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilianzishwa mwaka 1858 kwa ajili ya shule za Uingereza, na baadaye ikaeneza huduma zake katika makoloni. Kwa mwanafunzi wa sekondari wa Tanganyika, Zanzibar, Kenya au Uganda, cheti cha Cambridge kilikuwa kilele cha ngazi ndefu ya michujo iliyoanzia shule ya msingi. Waliofika huko walikuwa wachache. Majibu yao yalivuka bahari kwenda kusahihishwa na watu ambao hawakuwahi kuziona shule zilikotoka, na ambao hawakuhitaji kuziona. Fahari ya mfumo huo ilikuwa kwamba kijana wa Tabora alipimwa kwa kipimo kilekile cha kijana wa Malaya au Gold Coast.

Kipimo hicho kilisimama juu ya lugha. Cheti kilitolewa kwa kundi la masomo, na Kiingereza kilikuwa ndani ya kundi kwa lazima. Aliyefanya vizuri katika masomo mengine lakini akaanguka katika Kiingereza aliweza kukosa cheti kizima. Kiswahili kilikuwamo katika orodha ya masomo, ila kama somo la kuchaguliwa. Mwanafunzi aliweza kukifanyia mtihani au kukiacha, na uamuzi wake haukubadili chochote katika hatima ya cheti.

Katika kipindi hichohicho kulikuwa na mtihani mwingine uliokifanya Kiswahili kuwa sharti. Maofisa wa utawala wa Kiingereza waliopangiwa kazi Tanganyika walitakiwa kufaulu mitihani ya Kiswahili ili wathibitishwe na kupanda katika utumishi. Hivyo mtawaliwa alitahiniwa kwa lugha ya mtawala ili apate ajira, na mtawala alitahiniwa kwa lugha ya mtawaliwa ili aweze kutoa amri. Mitihani yote miwili ilitungwa na upande mmoja. Katika hali hiyo, kuwapo kwa Kiswahili kwenye mtihani hakukuwa dalili ya kuthaminiwa kwa wasemaji wake. Swali la msingi lilikuwa, na bado ni, nani anamtahini nani, na kwa faida ya nani.

Kamati ya Lugha nayo haikuwa mbali na mtandao huu. Baada ya lahaja ya Kiunguja kuchaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji katika mkutano wa Mombasa wa 1928, Kamati ilipitia miswada ya vitabu vya shule na kuidhinisha ile iliyofuata tahajia na sarufi iliyokubaliwa. Kitabu kilichokosa idhini kilikosa soko la shule. Uhusiano kati ya usanifishaji na upimaji ulikuwa umekwisha kuanzishwa. Kilichobaki ni kwamba mtihani wenyewe uhamishwe kutoka ng'ambo.

3.0 Kutoka Baraza la Pamoja hadi Mabaraza ya Kitaifa

Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967, mwaka uleule ambao Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Kampala. Kazi yake ilikuwa kupokea kutoka Cambridge mitihani ya sekondari ya Kenya, Uganda na Tanzania. Upokezi huo haukuwa wa ghafla: katika miaka ya mwanzo baraza jipya lilishirikiana na Cambridge, na muundo wa karatasi, madaraja na vyeti ulifuata kwa karibu ule wa awali. Ramani ya umiliki ilikuwa imebadilika. Lugha ya maswali haikubadilika.

Kwa Tanzania, mwaka huohuo ulileta msimamo uliogongana na urithi huo. Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967, Mwalimu Nyerere aliikosoa mitihani kwa kupima kumbukumbu na wepesi wa kuandika ndani ya muda, huku ikiacha nje hekima, tabia na utayari wa mtu kuwatumikia wenzake. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, ulioanza 1969, ulitamka nia ya kukipeleka hadi sekondari. Nchi yenye mwelekeo huo ilipata shida kubaki ndani ya baraza lililopaswa kukubaliana na nchi nyingine mbili zenye sera tofauti za uchumi, elimu na lugha.

Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa. Kwa muda mitihani iliendeshwa ndani ya Wizara ya Elimu, hadi Baraza la Mitihani la Tanzania lilipoundwa kwa Sheria Na. 21 ya 1973. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliendeleza ukosoaji wa 1967. Kuanzia 1976 maendeleo ya kila siku ya mwanafunzi, yaani kazi za darasani, mazoezi na mradi, yaliingizwa katika matokeo ya mwisho na kufikia nusu ya alama. Hatua hiyo ilikuwa ya kijasiri. Kwa mara ya kwanza mwalimu wa mwanafunzi alipewa sauti ndani ya cheti cha taifa.

Kenya na Uganda ziliendelea na baraza la pamoja hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka mabaraza mapya yalipokuwa tayari. Baraza la Kitaifa la Mitihani la Kenya liliundwa mwaka 1980, na Uganda ikapata sheria ya bodi yake mwaka 1983. Ndani ya kipindi cha miaka isiyozidi 16, mtihani mmoja uliokuwa ukiendeshwa kutoka Uingereza ukawa mitihani mitatu ya mataifa matatu. Kwa kipimo cha madaraka, ni mafanikio makubwa. Kwa kipimo cha lugha, matokeo yake ni mseto, kama sehemu zinazofuata zinavyoonesha.

4.0 Mtihani Unavyojisema: Istilahi na Maumbo

Kabla ya kuangalia mtihani wa Kiswahili, inafaa kutazama namna Kiswahili kilivyolipokea neno lenyewe. Mtihani limetokana na Kiarabu imtihān, nomino iliyojengwa kwenye mzizi m-ḥ-n unaobeba dhana ya kujaribiwa na kupatwa na mashaka. Maana hiyo ya kale haijapotea: msemaji wa Kiswahili aliyefikwa na msiba au dhiki husema huo ni mtihani, bila kufikiria darasa wala karatasi.

Kinachovutia zaidi ni mofolojia. Sauti m katika neno la Kiarabu ni sehemu ya mzizi. Kiswahili kiliisikia kama kiambishi cha ngeli ya m-/mi-, kikaunda wingi mitihani, sawa na kilivyolichukua ki la kitabu na kupata vitabu. Baada ya m kuhesabiwa kuwa kiambishi, kilichobaki, tahini, kikapata hadhi ya shina la kitenzi. Kutokana na shina hilo inaelekea ndiko zilikotoka kutahini, mtahini, mtahiniwa na utahini. Lugha ilikata neno mahali ambapo Kiarabu hakina mshono, na kwenye mkato huo ikaotesha familia nzima ya istilahi. Jozi ya mtahini na mtahiniwa, inayotofautishwa na kiambishi cha kutendwa peke yake, inaeleza uhusiano wa mamlaka kwa ufupi ambao lugha nyingi zingeuhitaji sentensi kuueleza.

Istilahi nyingine zilipatikana kwa kupanua maana za maneno yaliyokuwapo. Kidato ni ile sehemu iliyochanjwa kwenye shina la mnazi ili mkwezi apate pa kuweka mguu. Likawa jina la mwaka wa masomo ya sekondari. Daraja, lenye maana ya ngazi na cheo, likawa kiwango cha ufaulu. Cheti kilikuja kutoka upande wa Bara Hindi kikiwa na maana ya barua fupi, kikaishia kuwa hati ambayo kijana huilinda maisha yake yote. Kwa upande wa kushindwa, sajili rasmi hutumia kutofaulu au kuanguka, na wasemaji wengi husema kufeli, neno la Kiingereza lililokwisha kupata irabu ya mwisho na uraia kamili.

Katika miongo ya karibuni mabadiliko ya sera yamejitokeza katika istilahi. Mtihani wa kidato cha pili Tanzania sasa huitwa upimaji wa kitaifa. Kenya, baada ya mtaala wa umilisi kuanza, neno tathmini limechukua sehemu kubwa ya uwanja uliokuwa wa mtihani. Wapangaji wa elimu wanatafuta neno lisilobeba hofu. Ikiwa hofu yenyewe itaondoka ni suala la utendaji, wala si la istilahi.

5.0 Mtihani wa Kiswahili kama Mpangaji wa Lugha

Nguvu ya mtihani wa lugha inaonekana wazi zaidi Kenya. Tume ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima, lakini pendekezo halikubadili hali mpaka lilipoingia kwenye karatasi ya mtihani. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilitahiniwa kwa lazima mwishoni mwa shule ya msingi. Mwaka 1989, katika mtihani wa kwanza wa cheti cha sekondari chini ya mfumo huo, kilikuwa cha lazima pia. Athari zake zilienea katika jamii nzima ya wasomi. Shule zilihitaji walimu wa Kiswahili, vyuo vikahitaji kuwafunza, wachapishaji wakahitaji miswada. Mwanafunzi ambaye hapo awali angekiacha Kiswahili bila hasara alilazimika kukifikiria. Karatasi tatu za somo hilo, yaani Insha, Lugha na Fasihi, zikawa muhtasari wa Kiswahili ni nini katika fikra za kizazi kizima.

Muhtasari huo una sura yake maalumu. Katika karatasi ya Lugha, mtahiniwa huchanganua sentensi kwa matawi au kwa jedwali, hukanusha, hubadilisha usemi halisi kuwa usemi wa taarifa, huunda nomino kutokana na vitenzi, na hujibu maswali ya isimujamii kuhusu sajili mbalimbali. Dhana ambazo miongo michache kabla zilikuwa mali ya semina za vyuo vikuu zimekuwa maarifa ya kawaida ya kijana wa miaka 17. Hakuna kamusi wala makala ya kitaalamu iliyowahi kueneza istilahi za isimu kwa upana huo. Wakati huohuo, katika Insha makosa ya hijai na ya sarufi huhesabiwa, na umbo la lahaja huweza kuangukia katika hesabu hiyo. Mtahiniwa wa Mombasa au Lamu, ambaye Kiswahili ni lugha ya mama yake, huenda akalazimika kuyaacha nje ya chumba cha mtihani maumbo ambayo nyumbani ndiyo sahihi. Uamuzi wa 1928 kuhusu Kiunguja hutekelezwa upya kila mwaka kwa kalamu nyekundu.

Tanzania haikuhitaji mtihani ili kukieneza Kiswahili. Huko athari kubwa zaidi imekuwa katika uhakiki wa fasihi. Utaratibu wa kuitenga kazi ya fasihi katika fani na maudhui ulizaliwa katika mijadala hai ya miaka ya 1970, wakati Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1970, ilipokuwa ikitafuta njia ya kuihakiki fasihi kwa misingi ya jamii yake. Ulipoingia kwenye mwongozo wa usahihishaji, mjadala huo ulipata umbo gumu. Dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi. Muundo, mtindo, matumizi ya lugha, wahusika na mandhari: orodha hii imekaririwa na vizazi vya watahiniwa. Ubora wake ni kwamba inamwezesha msahihishaji wa Mwanza na wa Mtwara kutoa alama zinazokaribiana. Udhaifu wake ni kwamba inamfunza mwanafunzi kuivunja riwaya vipande kabla hajaisoma kama riwaya.

Vitabu teule navyo vimetengeneza aina ya maktaba ya taifa. Kazi kama Takadini, Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo na Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba zinajulikana Tanzania na watu ambao hawakusoma kitabu kingine cha fasihi baada ya kidato cha nne. Kenya, Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea za Ken Walibora zimepata wasomaji wengi kwa njia hiyohiyo. Hata mgogoro mkali wa ushairi wa miaka ya 1970 kuhusu vina na mizani ulipata namna yake ya suluhu ndani ya mtihani. Pale mihtasari ilipoyaweka mashairi ya kimapokeo na ya kisasa katika orodha moja na kuyatungia maswali yote mawili, swali la kama shairi lisilo na vina ni shairi lilikoma kuwa la kiutendaji. Wahakiki waliendelea kubishana. Mwalimu wa darasani hakuwa na budi kufundisha yote.

Mifano hii inatosha kuonesha kwamba baraza la mitihani hupanga hadhi ya lugha, kama ilivyotokea Kenya, na hupanga umbo na maarifa yake, kama ilivyotokea kote kuwili. Hufanya hivyo bila kujiita mpangaji, na kwa hiyo aghalabu bila kuulizwa maswali ambayo mpangaji wa lugha huulizwa.

6.0 Lugha ya Mtihani: Mpaka Usiovukwa

Nguvu hiyohiyo, ikigeuzwa upande wa pili, inaeleza kwa nini Kiingereza kimedumu. Nchini Tanzania mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika kwa Kiswahili katika masomo yote isipokuwa Kiingereza. Baraza lilelile linaloandaa maswali ya sayansi na hisabati kwa Kiswahili mwezi Septemba huandaa maswali ya masomo hayohayo kwa Kiingereza kwa ajili ya kidato cha pili na cha nne miezi michache baadaye. Mtoto aliyeeleza usanisinuru kwa Kiswahili darasa la saba hutakiwa kueleza mchakato uleule kwa lugha nyingine katika kidato. Akishindwa, cheti hakielezi alichoshindwa: ni mmea, au ni sentensi?

Hilo ni suala la uhalali wa kipimo. Kipimo halali hupima kile kinachodai kupima. Karatasi ya biolojia inayoandikwa kwa lugha ambayo mtahiniwa hajaimudu hupima vitu viwili kwa pamoja na kutoa alama moja. Ripoti ya Criper na Dodd ya 1984 kuhusu ufundishaji wa Kiingereza katika sekondari za Tanzania ilikadiria kwamba takriban asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa wamefikia kiwango ambacho elimu kwa Kiingereza ingeweza kuanzia. Ripoti hiyo ilipendekeza Kiingereza kiimarishwe. Miaka miwili kabla yake, Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilikuwa imependekeza Kiswahili kianze kutumika kidato cha kwanza mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ilithibitisha nafasi ya Kiingereza sekondari. Ile ya 2014 ilikipa Kiswahili nafasi ya lugha ya kufundishia katika ngazi zote, lakini karatasi za mtihani hazikuifuata.

Wanaotetea Kiingereza wana hoja zinazostahili kupimwa kwa haki. Cheti, wanasema, kinapaswa kueleweka nje ya mipaka, vitabu vya kiada vipo kwa Kiingereza, wazazi wanakitaka, istilahi za Kiswahili katika masomo ya juu hazijatosha. Hoja ya wazazi ni nzito, kwani mzazi huangalia soko la ajira kama lilivyo, wala si kama linavyopaswa kuwa. Hoja ya istilahi ni nyepesi zaidi ikitazamwa kihistoria. Baraza la Kiswahili la Taifa lilianza kutoa orodha za Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970, na mitihani ya ualimu wa daraja A iliendeshwa kwa Kiswahili kwa miaka mingi, ikiwa ni pamoja na mbinu za kufundishia sayansi. Istilahi hukomaa zinapotumika. Chombo chenye uwezo mkubwa zaidi wa kuzilazimisha zitumike ni kilekile ambacho hakijaombwa kufanya hivyo.

Historia ina ushahidi mwingine ambao hautajwi mara nyingi. Somo la Siasa lilifundishwa na kutahiniwa kwa Kiswahili katika sekondari za Tanzania. Halikuwa somo la lugha. Lilidai maelezo, hoja, historia na uchumi. Watahiniwa waliandika insha ndefu kwa Kiswahili kuhusu ukoloni na ujamaa, wasahihishaji wakazisahihisha, na baraza likatoa matokeo. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, Siasa iliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na somo la uraia linalofundishwa kwa Kiingereza. Mabadiliko ya maudhui yalikuwa na sababu za wazi. Mabadiliko ya lugha hayakuwa na sababu ya aina hiyo. Kijana akatakiwa kueleza haki zake za kikatiba kwa lugha ambayo hatumii kuzidai. Kuingia kwa somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili katika mtaala mpya wa sekondari, ni kurejea kwa jambo lililokwisha kuwezekana.

Uzito wa suala hili ulijitokeza hadharani Februari 2013, matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotangazwa na zaidi ya nusu ya watahiniwa wakawa wamepata daraja sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume. Mwezi Mei serikali iliyafuta matokeo na kuelekeza yapangwe upya, kwa kuwa utaratibu mpya wa viwango vya ufaulu ulikuwa umetumika. Mwaka 2014 madaraja yaliachwa na wastani wa alama ukatumika. Muda mfupi baadaye madaraja yakarudishwa. Katika msukosuko huo wote, kilichobadilishwa ni namna ya kuzihesabu alama. Lugha ambayo kwayo alama zilipatikana au kukosekana haikuguswa. Ilhali taarifa za baraza lenyewe za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, katika masomo yanayotahiniwa kwa Kiingereza, hutaja mara kwa mara umilisi mdogo wa lugha hiyo kuwa miongoni mwa sababu za majibu dhaifu. Baraza linaujua ugonjwa, linauandika kila mwaka, na halina mamlaka ya kuutibu, kwa sababu lugha ya mtihani hufuata sera. Nayo sera, pale inapobadilika kwenye maandishi, husubiri mtihani ubadilike ndipo shule ziiamini. Kila upande unausubiri mwingine, na anayelipa gharama ya kusubiri ni mtahiniwa.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba mamlaka ya kutahini yalihamishwa kutoka Cambridge hadi mabaraza ya kitaifa kwa kasi, kati ya 1967 na 1983, lakini uhamisho huo ulikuwa wa umiliki zaidi kuliko wa lugha. Mabaraza yaliporuhusiwa kukitahini Kiswahili, yalikijengea walimu, wasomaji, istilahi na maktaba. Yalipoachwa yakitahini masomo mengine kwa Kiingereza, yalikilinda Kiingereza kwa uthabiti uleule.

Hata hivyo, uzoefu wa karatasi za Kiswahili unatahadharisha. Kubadili lugha ya mtihani peke yake hakutaondoa ukaririshaji, kama orodha ya fani na maudhui inavyothibitisha. Iwapo biolojia na historia zitatahiniwa kwa Kiswahili, miongozo ya usahihishaji ndiyo itakayoamua istilahi zipi zitadumu, na haifai kazi hiyo ifanyike kimyakimya. Wanaisimu wanapaswa kukaa meza moja na watunzi wa maswali mapema, badala ya kuzilalamikia karatasi zikishachapishwa.

Hatua ya kwanza haihitaji mapinduzi. Katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, baraza tayari huandaa karatasi za lugha mbili ili kuzihudumia shule zinazofundisha kwa Kiingereza. Utaratibu, watafsiri na uzoefu wa kuhakikisha kwamba maswali ya lugha mbili yana uzito mmoja vimekuwapo kwa miaka. Kinachotolewa kwa mtoto wa shule ya Kiingereza ili asinyimwe haki yake darasa la saba kinaweza kutolewa kwa kijana wa shule ya kata akiwa kidato cha nne. Hapo daraja litakaloandikwa kwenye cheti chake, la kwanza au sifuri, litakuwa la kile alichokijua.